Shambani kwa Mzee Saanane

Tulikuwa tumekwisha kunawa, hotpoti la pilau limefunguliwa na bakuli la kachumbari limewekwa katikati ya meza, Shangazi alipoacha kula na kumgeukia askari wa uhifadhi aliyekuwa amesimama kivulini, hatua chache kutoka tulipoketi. Alimwuliza jambo ambalo sisi wengine, tuliokuwa tukilitaja jina la kisiwa kile tangu asubuhi, hatukuwa tumeliuliza.

“Mjukuu wangu, huyu Saanane ni mtu au ni mahali?”

Kijana alivua kofia, akamsogelea, akamweleza kwa adabu kwamba alikuwa mtu. Mzee Saanane Chawandi, mkulima na mvuvi, ndiye aliyekuwa mwenye kisiwa kabla ya serikali kukichukua na kukifanya, mwaka 1964, kuwa bustani ya kwanza ya wanyama nchini Tanzania. Alilima hapa, kijana akasema, na alivua hapa.

Shangazi alitazama mawe, akatazama maji, kisha akatazama sahani yake.

“Kumbe tumekuja kula shambani kwa mtu.”

Hakuna aliyemjibu. Mtoto wa dada yangu aliomba paja la kuku, mtu akamimina soda, mazungumzo yakarudi kwenye harusi iliyotupeleka Mwanza. Lakini maneno yale hayakuniacha. Nimerudi nayo Dodoma, nimekwenda nayo kazini, nimeyasikia tena nikiwa kwenye foleni ya daladala, na baada ya wiki kadhaa za kuyakwepa nimeona njia iliyobaki ni kuyaandika.

Kisima cha mchangani

Anayeishi Dodoma hahitaji kuelezwa Oktoba ilivyo. Shangazi alikulia upande wa Chamwino, katika kijiji ambacho mto wake hupitisha maji kwa wiki chache za masika na kubaki mchanga mtupu miezi mingine yote. Usichana wake aliumaliza mtoni, lakini mtoni kwa maana ya kwetu: kushuka korongoni kabla jogoo hajawika, kuchimba mchanga kwa mikono hadi mkono uzame begani, kisha kukaa pembeni ya shimo na kungoja maji yajikusanye. Yakijikusanya yanachotwa kwa kata, kidogo kidogo, kwa uangalifu ili yasitibuke. Ukichota kwa pupa, shimo linaporomoka, na aliye nyuma yako kwenye foleni atakukumbusha hilo mpaka utakapoolewa.

Mtu aliyelelewa hivyo hatazami maji kama anavyoyatazama mtu wa Mwanza. Kwake maji ni kazi. Yana uzito wa ndoo, yana umbali, yana zamu.

Tulipokuwa njiani, basi lilipopita Singida na ziwa Singidani likaonekana upande mmoja, aliuliza kama watu wa pale wanayanywa. Nilipomwambia kwamba maji yale yana chumvi, alitikisa kichwa kama aliyepewa habari ya msiba wa jirani. Kuanzia Igunga na Nzega mazungumzo yakawa ya bomba, kwa sababu huko maji ya Ziwa Victoria yamekwisha kufika, kama yalivyotangulia kufika Kahama na Shinyanga kutoka kwenye chanzo cha Ihelele, na sisi wa Dodoma tumekuwa tukisikia kwa miaka kadhaa mpango wa kuyavuta hadi Singida na kisha kwetu. Shangazi alitaka kuliona ziwa lenyewe. Harusi ilikuwa sababu ya safari, lakini naamini aliipokea kadi kwa furaha ile kwa sababu ya maji.

Kwa hiyo, siku iliyofuata harusi, tulipopanda boti kutoka upande wa Capri Point na kukivuka kipande kile kifupi cha ziwa, sikuwa namtazama mwingine ila yeye. Alivaa jaketi okozi juu ya kitenge chake, akaketi wima, akayatazama maji bila kusema neno.

Kisiwa kinachozungukwa kwa miguu

Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane ndiyo ndogo kuliko hifadhi zote za taifa nchini. Ina kilomita za mraba 2.18, na sehemu kubwa ya hizo ni maji. Ukiiweka kando ya Serengeti yenye kilomita za mraba 14,763, haionekani. Baada ya miaka yake ya mwanzo kama bustani ya wanyama ilifanywa pori la akiba mwaka 1991, na mwaka 2013 ikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa. Iko ndani ya jiji. Ukiwa umekaa chini ya mti unaona nyumba za vilimani, unasikia honi za vyombo ziwani, na bado swala pala wanapita mbele yako kana kwamba mji ule hauwahusu.

Nimewahi kusikia watu wakiibeza kwa udogo wake na kwa historia yake. Wanasema wanyama wake wengi waliletwa, kwamba palikuwa kituo cha muda cha wanyama waliokuwa wakipelekwa Rubondo, kisiwa kingine cha ziwa hilihili, katika miaka ya 1960, na kwamba mahali pa namna hiyo hapastahili jina moja na Ruaha. Hoja hiyo naielewa, lakini siikubali. Bibi mwenye magoti mabovu hawezi kwenda Ruaha. Hana gari la kumwingiza, hana fedha ya kulala, hawezi kustahimili barabara. Saanane aliifikia kwa boti ya dakika chache, akatembea polepole kwa fimbo, akapumzika juu ya jiwe kila alipotaka, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaona wanyama wa porini ambao hawakuwa wamekuja kuharibu mtama wake.

Naomba nikae kidogo kwenye mawe, kwa sababu ndiyo yaliyomfanya ajisikie nyumbani.

Dodoma na Mwanza zimekaa juu ya mwamba mmoja wa kale, ule ambao wanajiolojia wanauita kratoni ya Tanzania, wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ndiyo maana majabali ya Saanane, yale ya mviringo yaliyopandana kama yamepangwa kwa mkono, yanafanana na ya vilima vinavyouzunguka mji wetu. Shangazi alilijua jiwe kabla hajaambiwa lolote. Aligusa ubavu wake uliopasuka na kubanduka kwa matabaka, akaeleza kwamba jua la mchana na baridi ya usiku ndivyo vinavyolibandua, na kwamba katika nyufa kama zile lazima pimbi wawepo. Walikuwepo. Walikuwa wamejianika juu ya jabali, wamekaribiana, mmoja akiwa macho kwa niaba ya wengine. Kando yao mjusi dume mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu alikuwa akiinuka na kushuka kwa miguu ya mbele, kama wafanyavyo mijusi ya namna hiyo wanapotangaza mipaka yao.

“Hapa ni kwetu,” alisema, “ila wamewekewa maji.”

Maji ya kutazama

Eneo la kupumzikia liko ukingoni kabisa mwa maji. Kuna vivuli, kuna mahali pa kukaa, na upepo wa ziwa hauishi. Mnandi walikuwa wamesimama kwenye mawe yaliyochomoza majini, mabawa wameyafungua ili yakauke, na mbele yetu kidogo mdiria mwenye manyoya meusi na meupe alikuwa akivua. Ndege huyo nilimtazama kwa muda mrefu. Anasimama hewani, mahali pamoja, mabawa yakienda kasi na kichwa kikiwa kimetulia kabisa kuelekea chini, kisha anaporomoka kama jiwe. Mara nyingi aliinuka mdomo mtupu na kuanza upya, pasipo dalili ya kukata tamaa, hadi alipoibuka na kisamaki chembamba akakipigapiga kwenye tawi kabla ya kukimeza.

Shangazi aliomba kuingiza miguu majini.

Askari alikataa, kwa upole lakini bila kusitasita. Alieleza kwamba kuna mamba, na kwamba maji ya pembeni yaliyotulia ndiyo yenye konokono wanaobeba kichocho. Mambo hayo ni ya kweli na hayana ubishi: kichocho kimewatesa watu wa kanda ya ziwa vizazi kwa vizazi, na mamba hamtangulizii mtu salamu. Lakini nilipoziangalia nyayo za yule mama, zilizopasuka kwa miongo ya kwenda korongoni, nilipata uchungu ambao sikuutarajia. Ziwa lenye kilomita za mraba zaidi ya 68,000 lilikuwa limelala mbele yake na yeye hakuruhusiwa kulitia hata kidole.

Nilidhani angeudhika. Alivuta benchi karibu zaidi na maji, akakaa, akaweka fimbo juu ya mapaja, na akawa anatazama tu.

Sijawahi kumwona mtu wa rika lake, katika ukoo wetu, akikaa karibu na maji bila kuwa na la kufanya. Wote niliowajua walikuwa wakichota, wakifua, wakinywesha mifugo au wakimngoja punda ajae madumu. Hapa palikuwa mahali palipotengenezwa ili mtu asifanye lolote. Mwanzoni niliona kama anasa ya watu wa mjini; kadiri alivyoendelea kukaa, niliona kwamba pengine ndicho kitu ambacho maisha yake yote hakikuwahi kumpata, yaani saa nzima ya kuwa na maji bila kuyabeba.

Baadaye alisema jambo moja ambalo sijalisikia likisemwa na mtaalamu yeyote wa utalii. Alisema kwamba mwenye shamba lile alikuwa mtu wa bahati, kwa kuwa alilima huku akiyaona maji, na mkulima anayeyaona maji haongopewi na mvua.

Ziwa la mwaka 1964

Niliporudi nyumbani nilianza kusoma habari za ziwa, nikitafuta lolote linaloweza kunisogeza karibu na yule mzee. Kuhusu maisha yake binafsi sina zaidi ya niliyoyaeleza. Kuhusu maji aliyoyatazama niliokota jambo lililonishtua.

Mvua kubwa za mwaka 1961 na 1962 zililipandisha Ziwa Victoria kwa kiwango ambacho hakikuwahi kuonekana tangu vipimo vianze kuandikwa, na kilele chake kilifikiwa mwaka 1964. Ndio mwaka uleule kisiwa kilipogeuzwa bustani ya wanyama. Kilele hicho kilidumu kwa zaidi ya nusu karne. Kilivukwa kwa kiasi kidogo sana mwaka 2020, na mwaka 2024 kikavukwa tena kwa kiasi kikubwa zaidi, fukwe zikafunikwa na watu wengi kuzunguka ziwa wakapoteza nyumba na mashamba.

Maana yake ni kwamba mtu aliyekuwa na shamba kwenye kisiwa cha mawe katika Ghuba ya Mwanza alishuhudia, mwaka baada ya mwaka, maji yakiusogelea udongo wake. Kisiwa kidogo hakina udongo wa kuchezea. Kati ya majabali kuna vipande vyembamba tu vya ardhi inayolimika, na vile vya chini, vyenye rutuba na unyevu, ndivyo vinavyotangulia kumezwa. Sijui ziwa lilichukua kiasi gani cha shamba lake, na sitaki kumtungia masimulizi mtu ambaye hawezi kunisahihisha. Ninachosema ni kwamba pale tunapotandika vitenge na kufungua vyombo vya chakula, mtu aliwahi kusimama asubuhi na kukadiria kwa macho kama mstari wa maji umesogea tangu jana.

Hilo limenibadilishia namna ya kupakumbuka mahali pale.

Samaki nao si walewale. Wavuvi wa enzi zake walivua furu, samaki wadogo wa aina nyingi mno, kabla sangara aliyepandikizwa ziwani tangu miaka ya 1950 hajaongezeka na kuwamaliza wengi wao. Ukiomba samaki Mwanza leo utaletewa sato au sangara. Meza ya Mzee Saanane ilikuwa na samaki ambao baadhi yao huenda hawapo tena duniani.

Hoja ya rafiki yangu

Niliyazungumza haya na rafiki yangu, mtumishi wa umma tunayepanda naye gari la Mtumba, kwenye mji wa serikali, kila asubuhi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba naleta huzuni mahali pasipohitaji huzuni. Hifadhi ya taifa, alisema, ni ya taifa. Ilitoka kwenye mikono ya mtu mmoja ikawa ya watu wote, na kama isingetoka, leo pale pangekuwa na hoteli ya ghorofa na ukuta, na shangazi yangu asingekanyaga. Akaongeza kwamba kuhisi kama mgeni katika mali ya umma ni kujinyima haki yako mwenyewe.

Hoja yake ina uzito, na nimeibeba kwa siku nyingi. Ni kweli kwamba ufuo wa mijini ukiachwa bila ulinzi huishia kwa mwenye fedha. Ni kweli pia kwamba tulilipa kiingilio cha raia, kiasi ambacho familia ya kawaida inaweza kujipanga na kukimudu. Yule askari kijana hakutufanya tujione watu wa kuvumiliwa. Alimwita Shangazi “Bibi” na kumshika mkono kwenye ngazi za mawe.

Hata hivyo nimeona pia jinsi mali ya wote inavyotendewa. Bustani zetu za mjini ni za wote, na ndiyo sababu kila mmoja anamwachia mwenzake kuzitunza. Shambani kwa mtu huwezi kufanya hivyo. Ukipita shambani kwa mtu unabisha hodi hata kama hakuna mlango, unauliza njia, unaacha ulichokikuta, na ukila muhogo wake unamwambia. Hakuna sheria ndogo ya halmashauri iliyotufundisha haya. Tumefundishwa na mama zetu, kwa fimbo pale ilipobidi.

Shangazi alipotambua kwamba yuko shambani kwa mtu, niliona mwenendo wake ukibadilika palepale. Aliwaita watoto waliokuwa wakirusha mawe majini, akawakalisha. Kabla hatujaondoka alipita chini ya meza yetu, akaokota mifupa, maganda ya ndizi na vifuniko vya chupa, kisha akahamia meza ya jirani ambayo wageni wake walikuwa wamekwisha kuondoka. Tulipomwambia apumzike, kwamba kuna watu wa usafi, alituuliza kama watu wa usafi ndio waliotuzaa.

Kuhusu mabaki ya chakula

Jambo hili linastahili kusemwa kwa kirefu, maana ndipo wageni wengi, wazuri kabisa na wenye nia njema, wanapoiharibu hifadhi kama ile.

Saanane ina tumbili. Wanajua saa ya chakula kuliko sisi. Tulipofungua hotpoti walikuwa hawajaonekana. Dakika chache baadaye mmoja alikuwa juu ya tawi, mwingine nyuma ya jabali, na jike lenye mtoto tumboni mwake, kaning’inia kwa mikono yote miwili, lilikuwa limekaa mbele yetu kwa utulivu kama aliyealikwa. Kijana mmoja wa meza ya jirani alimnyooshea kipande cha chapati. Nilimwona askari akipiga hatua mbili ndefu na kusema neno moja tu, “Hapana,” kwa sauti ambayo ilisimamisha meza zote.

Alieleza sababu, nami naziandika hapa jinsi nilivyozielewa. Tumbili akizoeshwa chakula cha watu huacha kutafuta matunda, mbegu na wadudu. Akiacha kutafuta, anategemea meza; akikosa mezani, ananyang’anya; akinyang’anya, siku moja atamng’ata mtoto. Hapo lawama itakuwa ya mnyama, na adhabu pia itakuwa ya mnyama. Zaidi ya hayo, magonjwa hupita kati yetu na wao kwa urahisi, kwenda na kurudi. Katika kisiwa kidogo mambo haya hukolea, kwa kuwa mnyama hana pa kwenda: akishaharibika tabia, anaharibikia hapohapo, mbele ya kila mgeni anayefuata.

Kipande kimoja cha chapati kinaonekana kama ukarimu. Lakini mgeni hagawi chakula katika nyumba ya mwenziwe bila kuuliza.

Plastiki nayo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na mabadiliko yanaonekana kwa macho, lakini chupa za maji na vifuniko vyake bado vinatusindikiza kila tuendako. Ukingoni mwa maji upepo hausubiri mtu amalize kuzungumza: kikombe chepesi kikiondoka mezani kinakuwa ziwani kabla hujainuka. Ushauri wangu kwa atakayekwenda ni kubeba chakula kwenye vyombo vya kurudi navyo nyumbani, maji kwenye dumu moja na vikombe vya bati, na kitambaa kizito cha kufunikia. Tulikwenda na pilau, kuku, ndizi na zabibu za Dodoma, na hatukukosa chochote.

Nilichomwuliza mwenyewe

Kuna sababu nyingine iliyofanya maneno yale yaninase, na nimeichelewesha kwa makusudi kwa kuwa ni nzito kwangu.

Uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma, na hasa kasi iliyokuja baada ya serikali kuhamia kwa vitendo kuanzia mwaka 2016, vimeugeuza mji wetu. Sipingi kuhamia huko. Ajira yangu imetokana nako. Lakini mashamba ya uwele na mtama ya upande wa babu yangu ni viwanja sasa, na barabara iliyopita katikati yake haina jina la mtu yeyote aliyelima pale. Ukisimama pembeni yake huwezi kujua ni nani aliyepanda ule mbuyu uliobaki. Watoto wetu hawajui. Nami, mtu akiniuliza, namwelekeza kwa kituo cha mafuta.

Kwa hiyo nilipomsikia Shangazi akisema tumekuja kula shambani kwa mtu, nilisikia mama anayelia shamba lake. Nilizunguka na tafsiri hiyo mpaka Jumapili moja nilipomfuata nyumbani kwake nikamwuliza waziwazi kama ndivyo alivyomaanisha.

Alikuwa akichambua mlenda. Alifikiri kwa muda.

“Baba,” aliniambia, “mimi nilifurahi.”

Nilingoja aendelee. Alisema kwamba watu wengi wamelima mahali na mahali pakachukuliwa na wengine, tangu enzi na enzi, na hilo halitakoma kwa sababu yake. Alichokiona kisiwani ni kwamba yule mzee anatajwa. Watoto wa shule wakipanda boti wanalitamka jina lake. Askari wanaoajiriwa kutoka mikoa ya mbali wanalishona begani. Wazungu wanajikwaa nalo, lakini wanalisema. Kisha akaniuliza, bila ukali wowote, kama nalijua jina la mtu aliyekuwa akilima pale ilipo ofisi yangu.

Sikulijua. Nimeanza kuulizia.

Hifadhi zetu nyingi zimebeba majina ya milima, mito na nyanda. Nyuma ya baadhi yake kuna watu waliohama ili wanyama wabaki, kama wavuvi na wakulima waliohamishwa Rubondo katikati ya miaka ya 1960, na majina yao hayamo kwenye lango lolote. Saanane ni mkulima mmoja wa kawaida, asiye chifu wala rais, ambaye jina lake limebaki juu ya ardhi yake. Natamani kila familia inayofika pale na vyombo vyake vya chakula isimuliwe habari hiyo kabla ya kunawa mikono, na isimuliwe na askari mwenyewe kwa mdomo, kama tulivyosimuliwa sisi.

Hombolo

Swali linalobaki ni la kwetu. Mkoa wetu una mvua isiyofika milimita 600 kwa mwaka kwa wastani, lakini una maji ya kukaa kando yake. Bwawa la Hombolo lipo tangu mwaka 1957, umbali wa safari fupi kutoka mjini, lina ndege, lina wavuvi wenye mitumbwi, lina mashamba ya zabibu na mboga pembezoni. Familia za mjini zinaanza kwenda huko Jumamosi, na kila mmoja anaegesha anapoona pazuri. Siku si nyingi mtu atatengeneza meza na vivuli, na atakuwa amefanya jambo jema, kwa kuwa mji unaokua kwa kasi hii unahitaji mahali pa kumkalisha mzee karibu na maji.

Ningependa tu kazi hiyo ianze kwa kuwauliza wenye mashamba. Nani analima ukingo ule, tangu lini, bwawa likijaa maji yanafika wapi, na samaki gani walikuwapo wakati lilipochimbwa. Wapo wazee Hombolo wanaokumbuka bonde kabla ya bwawa, na umri wao hautungoji.

Nilimweleza Shangazi wazo hilo siku ileile ya mlenda. Amekubali kwenda, na ana ndugu wa upande wa marehemu mumewe wanaolima huko. Tumepanga Jumamosi baada ya mwisho wa mwezi. Nilipouliza tubebe chakula gani, alisema safari ya kwanza tusibebe chochote, tubebe daftari.